Ripoti za Udongo Ziandikwe Pia kwa Kiswahili

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakutuambia, hata hivyo, tufanye nini iwapo asili ya ufa haimo ukutani bali iko mita 5 chini ya sakafu, mahali ambapo jicho halifiki wala mwiko wa fundi haugusi. Swali hilo lilinikabili miezi michache iliyopita katika mkutano ambao, kusema kweli, sikustahili kuwa msemaji wake. Mimi ni mwanaisimu. Kazi yangu ni sauti, maneno na sentensi. Siku hiyo nilitakiwa kuzungumza juu ya tope.

Kamati ya shule moja ya kutwa isiyo mbali na mji wa Nyeri, katika kijiji nilikozaliwa, ilikuwa imepata kiwanja cha kuongezea madarasa. Kiwanja chenyewe kiko bondeni. Kiko nje ya mpaka uliowekwa kulinda kijito, lakini ni ardhi ambayo tulipokuwa watoto tulikatazwa kulishia ng'ombe wakati wa masika, kwani ng'ombe alizama hadi magotini. Mhandisi alikuwa amekwisha kupima udongo na kuandika ripoti ya kurasa 40 hivi kwa Kiingereza. Mwenyekiti wa kamati, mwalimu mstaafu aliyenifundisha hesabu utotoni, aliniwekea ripoti hiyo mkononi akasema, "Wewe tulikupeleka ukasome lugha hadi ukawa daktari. Haya, tuambie karatasi hizi zinasemaje."

Nikasoma na kufasiri. Nilipofika penye pendekezo lenyewe nikatamka bila kusita kwamba mhandisi anashauri ardhi iimarishwe kwa "nguzo za mawe". Mzee mmoja mwashi, ambaye amejenga nusu ya nyumba za kijiji hicho, akatabasamu. "Basi hilo si gumu, mwanangu. Tutachimba mashimo, tutapanga mawe ya kuchonga kwa simiti hadi tufike mwambani, kisha nyumba ikae juu yake kama ghala juu ya vigingi." Wanakamati wakapumua kwa faraja, maana mawe yapo na waashi wapo. Ndipo yule mhandisi kijana, aliyekuwa amenyamaza kwa heshima, alipoinua mkono. "Samahani, mzee. Nguzo hizi hazitiwi simiti hata kidogo. Wala si lazima zifike mwambani."

Kimya kikatanda. Fasiri yangu haikuwa na kosa la kikamusi, lakini ilikaribia kuwatia watu wazima katika hasara kubwa na watoto wao katika hatari. Tangu siku hiyo nimeshikilia neno moja, nalo ndilo kiini cha makala haya: ripoti za udongo wa majengo ya umma ziandikwe pia kwa Kiswahili, tena Kiswahili cha kueleweka, kabla jembe la kwanza halijagusa ardhi.

Msomaji huenda akauliza kwa nini jambo hili liwe la dharura katika miji yetu ya Mlima Kenya. Jibu liko chini ya nyayo zetu. Eneo hili ni la migongo na mabonde. Juu ya mgongo kuna udongo mwekundu uliotokana na miamba ya volkano, mwingi na unaopitisha maji vizuri; huko ndiko wazee walikojenga. Ukiteremka, rangi hugeuka: kahawia, kisha kijivu, kisha weusi wa bondeni ambako maji hutuama. Mwaka 1935, mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyekuwa katika kituo cha utafiti cha Amani huko Tanganyika, aliupa mpangilio huo wa Afrika Mashariki jina la katena, neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo. Jina hilo leo linafundishwa duniani kote. Wataalamu wa Tanganyika waliazima pia neno letu "mbuga" kutaja udongo mweusi wa mabonde yanayofurika. Hivyo basi, anayedai kwamba lugha zetu hazina la kuiambia sayansi ya udongo hajafanya utafiti.

Miji yetu ilianza migongoni. Sasa migongo imejaa. Kuanzia Nyeri hadi Karatina, Kerugoya hadi Kutus, Naro Moru hadi Nanyuki, majengo yanateremka kuelekea bondeni kama ng'ombe waendao mtoni. Hapa naomba nisieleweke vibaya. Sitetei uvamizi wa kingo za mito. Sheria inazilinda na ilindwe. Nazungumzia viwanja halali ambavyo kwa bahati mbaya viko juu ya udongo tepetepe, na ambavyo vitajengwa tupende tusipende.

Tumekwisha kuona gharama ya kupuuza ardhi na ujenzi kwa pamoja. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, mvua kubwa ikinyesha, jengo la ghorofa lililokuwa karibu na mto mtaani Huruma, Nairobi, liliporomoka na kuua watu wapatao 50. Mikasa kama hiyo aghalabu huwa na sababu nyingi zilizoshikana, na sitaki kuilaumu ardhi peke yake. Ila ni bayana kwamba wapangaji wa nyumba kama zile hawakuwa na njia yoyote ya kujua kilichokuwa chini yao.

Turudi sasa kwenye nguzo zetu, maana nataka kumlipa yule mzee mwashi deni la maelezo. Nguzo ya mawe inayozungumzwa na wahandisi hutengenezwa hivi. Chombo kizito cha chuma, mfano wa sindano kubwa inayotetemeka, huning'inizwa kwenye kreni na kuteremshwa ardhini. Mtetemo wake, ukisaidiwa na maji au hewa yenye nguvu, hukifungulia njia hadi kina kinachotakiwa. Kisha kokoto ngumu, mathalani za milimita 40 hadi 75, humiminwa shimoni kidogo kidogo, na kila tabaka hushindiliwa hadi kokoto zijisukume pembeni na kuubana udongo. Kazi hupanda hivyo tabaka kwa tabaka hadi juu. Mbinu hii ilikuzwa Ujerumani katika miaka ya 1950, ikitokana na mashine za kutetemesha mchanga zilizobuniwa huko miaka ya 1930. Nchini India, ambako mitambo haikuwapo kila mahali, wahandisi walitumia pia njia ya kuchimba shimo na kushindilia mawe kwa uzito unaoangushwa, na mwaka 2003 wakachapisha kiwango chao cha kitaifa kuhusu nguzo za mawe.

Zinafanyaje kazi bila simiti? Nilipomuuliza mhandisi swali hilo, alinijibu kwa mfano ambao kila aliyewahi kufika soko la Karatina ataufahamu. Mahindi yakimwagwa chini hutawanyika. Huwezi kusimama juu ya rundo lake. Yatie mahindi yale yale katika gunia, ulishone, na unaweza kupanga magunia kumi juu yake. Mahindi hayakubadilika, yameshikwa tu. Nguzo ya kokoto ni mahindi, nao udongo unaoizunguka ndio gunia. Jengo linapokandamiza, nguzo hutuna ubavuni, na udongo huizuia isitune kupita kiasi. Watafiti Hughes na Withers, wa Uingereza, walionyesha mwaka 1974 kwamba kutuna huko hutokea hasa karibu na kichwa cha nguzo, katika kina kisichozidi takriban mara 4 ya kipenyo chake. Kwa nguzo yenye kipenyo cha sentimita 80, hiyo ni mita 3 na kidogo.

Hapo ndipo neno "nguzo" lilipotupotosha. Katika Kiswahili nguzo ni kitu kinachosimama kwa nguvu zake na kubeba vingine. Twasema nguzo ya nyumba, nguzo za dini, nguzo ya jamii. Nguzo ya kokoto haiwezi kusimama peke yake hata dakika moja. Inaegemea tope lile lile inaloliimarisha. Mzee mwashi alisikia neno akaona picha, na picha ikawa si yenyewe. Kosa halikuwa lake. Lilikuwa langu mimi niliyedhani kwamba kufasiri ni kubadilishana maneno kama abadilishavyo fedha mwenye duka.

Walimu wa hesabu, naomba mniazime ubao. Nguzo ya kipenyo cha sentimita 80 ina kichwa chenye eneo la takriban nusu mita ya mraba. Tukizipanga nguzo kwa miraba, kila moja ikiwa mita 2 kutoka kwa jirani yake, kila nguzo itahudumia mita 4 za mraba. Yaani sehemu 1 kati ya 8 ya ardhi itakuwa imegeuzwa kokoto. Kwa kawaida nguzo hubeba shinikizo la mara 3 hadi 5 ya lile linalobebwa na udongo ulio kando yake. Tuchukue mara 4. Tuseme jengo linakandamiza kwa wastani wa kilopaskali 50, karibu tani 5 kwa kila mita ya mraba. Mwanafunzi akigawanya mzigo huo ipasavyo, ataona kwamba udongo umebakiwa na kilopaskali 36 hivi, na nguzo zimechukua 145 hivi. Kwa makadirio haya mepesi, jengo ambalo lingetitia milimita 100 litatitia milimita 73. Zisogezwe nguzo ziwe mita 1.5 kutoka moja hadi nyingine, na kutitia kutashuka hadi milimita 60. Ila bei nayo itapanda: kwa jengo la mita 24 kwa 8, nguzo zitaongezeka kutoka 48 hadi 85 hivi.

Huo ndio usanifu wa misingi kwa muhtasari: kupima kiasi cha usalama dhidi ya kiasi cha fedha. Mhandisi halisi hutumia njia pana zaidi, kama ile ya Mjerumani Heinz Priebe iliyotolewa mwaka 1976 na kuboreshwa mwaka 1995, na hupima nguzo kadhaa kwa kuzitwika mzigo kabla ya kuendelea. Lakini msingi wa hesabu yenyewe haumshindi mwanafunzi wa sekondari. Kinachomshinda ni kutowahi kuambiwa kwamba hesabu hiyo ipo.

Fauka ya hayo, nguzo hizi zina faida ya pili. Udongo tepetepe umejaa maji, na hauwezi kubonyea hadi maji yale yatoke. Katika mfinyanzi mzito maji hutoka polepole, pengine kwa miaka, na nyumba hutitia kwa miaka hiyo yote. Nafasi zilizo kati ya kokoto huyapa maji njia fupi ya kutokea, hivyo sehemu kubwa ya kutitia hutokea mapema, wakati jengo lingali linajengwa. La muhimu zaidi ni kutitia kwa usawa. Jengo likishuka milimita 60 pande zote halidhuriki sana. Likishuka upande mmoja na kubaki upande mwingine, kuta hupasuka na milango hukwama. Mnara wa Pisa, ulioanza kujengwa mwaka 1173, uliinama kwa sababu ardhi ya upande mmoja ilibonyea zaidi, na ilibidi ufungwe kuanzia mwaka 1990 hadi 2001 ili uokolewe. Pisa ina watalii wa kuugharamia mnara wake. Shule ya kijijini haina.

Waama, nguzo za mawe si dawa ya kila ugonjwa. Udongo ulio dhaifu kupindukia, wenye nguvu isiyofika kilopaskali 15 hivi, huwa gunia lililooza: hauwezi kuishika kokoto. Mboji nayo huendelea kuoza na kunywea. Udongo mweusi unaovimba kwa mvua na kupasuka kwa kiangazi, kama ule wa mashamba ya mpunga ya Mwea, una ugonjwa mwingine kabisa. Ukiwa tabaka jembamba, heri uchimbwe wote na kujazwa changarawe. Na iwapo ardhi ngumu iko karibu, hakuna haja ya kuita kreni. Ndiyo maana ripoti ya udongo ina thamani. Inaweza kukuepusha na hasara ya kufanya kidogo, na vilevile hasara ya kufanya kikubwa kisichohitajika. Lakini itakuepusha vipi na usiyoyaelewa?

Tena udongo wetu hausomeki kwa kukariri vitabu vya kwingine. Bwawa la Sasumua, lililojengwa huko Kinangop, upande wa pili wa safu ya Nyandarua, miaka ya 1950 ili kuipa Nairobi maji, liliwashangaza wataalamu. Mfinyanzi wake ulipopimwa kwa vipimo vya kawaida ulionekana haufai, kumbe ulikuwa imara. Karl Terzaghi, ambaye kitabu chake cha mwaka 1925 kiliasisi sayansi ya mekanika ya udongo, aliandika kuhusu bwawa hilo mwaka 1958 na kueleza kwamba chembe za mfinyanzi huo wa kivolkano zilikuwa zimegandamana katika vidonge vigumu. Bingwa huyo hakutegemea jina la udongo wala jedwali la Ulaya. Aliuchunguza udongo wenyewe. Ni funzo kwa wahandisi, na ni funzo kwetu sisi watu wa lugha.

Najua pingamizi zitakazotolewa. Ya kwanza ni kwamba Kiswahili hakina msamiati. Nimejaribu kuutafuta, na nimeukuta umelala tu. Tuna kushindilia, kubonyea, kutitia, kudidimia, kutuna, kuchuja na kunywea. Tuna mfinyanzi, kichanga, mboji, changarawe na kokoto. Wanaisimu tulipata Kamusi Sanifu ya Isimu na Lugha mwaka 1990. Haikushuka kutoka mbinguni, iliandikwa na watu walioketi mezani. Wahandisi wa Nyeri, Meru na Embu wanaweza kuketi vivyo hivyo na walimu wa Kiswahili. Na pale neno lisipotosha, kama "nguzo" lisivyotosha, tulieleze. Mimi sasa husema "nguzo za kokoto zilizoshindiliwa", na huongeza kwamba hushikwa na udongo. Ni maneno mengi, lakini hayamdanganyi mtu.

Pingamizi ya pili ni gharama. Yumkini muhtasari wa kurasa 3 utamgharimu mhandisi siku moja au mbili za kazi. Hiyo ni bei ndogo mno ukiilinganisha na ukuta mmoja uliopasuka. Pingamizi ya tatu ndiyo inayoniudhi: kwamba wananchi hawahitaji kuelewa, waache wataalamu wafanye kazi. Anayesema hivyo asahau kwanza kwamba ni wananchi wanaolipa, na ni watoto wao watakaokaa ndani. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia mojawapo ya lugha mbili rasmi. Kifungu cha 46 kinampa mtumiaji haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidi huduma. Sioni jinsi haki hiyo inavyotimia kwa kurasa 40 ambazo wanakamati tisa kati ya kumi hawawezi kuzifungua bila mkalimani.

Napendekeza basi mambo matatu. Serikali za kaunti za eneo hili zisikubali ripoti ya udongo ya jengo la umma isiyo na muhtasari wa Kiswahili unaojibu maswali manne: udongo gani uko chini, utatitia kiasi gani, dawa yake ni ipi, na tukiacha dawa hiyo kutatokea nini. Vyuo vikuu vyetu, kikiwamo Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi kilichoko hapa Nyeri, viwatake wanafunzi wa uhandisi waeleze mradi mmoja kwa Kiswahili mbele ya watu wa kawaida kabla ya kuhitimu. Nasi walimu wa Kiswahili tuache kuwapa wanafunzi insha za "Siku Nisiyoisahau" mwaka baada ya mwaka. Tuwapeleke bondeni nyuma ya shule, washike udongo, kisha waandike waliyoyaona. Mwanafunzi atakayeweza kueleza kwa nini tope hubonyea na kokoto hutuna, kwa sentensi zinazoeleweka na nyanya yake, amejifunza fizikia na lugha kwa wakati mmoja.

Kuhusu shule ile, kamati haikuanza kujenga. Iliomba muhtasari, nami na mhandisi tukauandika kwa jioni tatu. Uliposomwa, yule mzee mwashi aliomba nafasi, akachukua mkebe usio na kitako, akaujaza kokoto na kuzishindilia kwa fimbo, akasimamisha tofali juu yake. Kisha akaung'oa mkebe. Kokoto zikatawanyika na tofali likaanguka. "Huu mkebe ndio udongo," akawaambia wenzake. "Sasa mwulizeni kijana kama wetu una nguvu ya kutosha kuwa mkebe." Hilo ndilo swali ambalo kamati ilipaswa kuuliza tangu mwanzo. Mhandisi alilijibu kwa tarakimu zake, na kwa mara ya kwanza tarakimu hizo zilijadiliwa na watu watakaozilipia.